Siku Mama Kabange Alipopima Breki za Mkwewe

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaokuja kukalia benchi langu mkisubiri chai ya bibi yenu, kuna jambo nimeliona. Mkifika tu, hata salamu haijaisha, mnaniuliza: Papa Banza, pikipiki gani inakimbia zaidi? Nimetengeneza pikipiki hapa Kamina tangu zilipokuwa chache kiasi kwamba nikiwa kitandani niliweza kusema huyo anayepita ni nani, hadi leo ambapo huwezi kuvuka barabara kwenda kununua sabuni bila kupigiwa honi. Muda wote huo sijampata kijana hata mmoja wa kuniuliza ipi inasimama vizuri. Na mimi nilikuwa fundi wa breki. Injini niliwaachia wale wanaopenda kusifiwa.

Siku hizi nimestaafu. Maana yake naamka alfajiri kama zamani, ila nikishika spana mke wangu, Mama Odile, ananiuliza nani amenituma. Basi nimebaki na mdomo. Kaeni vizuri niutumie.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Mwepu, ambaye yeye mwenyewe hakuwa mtu wa pikipiki. Alikuwa mtu wa reli. Ujana wake wote aliutumia kukagua breki za mabehewa kituoni, akipita kando ya treni na nyundo yake ndogo, anagonga, anasikiliza, anasogea mbele. Alipozeeka akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, halafu pikipiki zikaja, naye akazipokea kama mabehewa madogo yenye magurudumu pungufu. Mteja akifika na kuanza kulalamika kuhusu injini, Mzee Mwepu hakumsikiliza hata kidogo. Aliisukuma ile pikipiki hatua chache, akabana breki ya mbele, akaachia, akasukuma, akakanyaga ya nyuma. Mpaka aridhike, hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kitu.

Mteja mmoja alikasirika akamwambia alileta pikipiki kwa sababu ya injini, si breki. Mzee Mwepu akafuta mikono yake polepole.

"Moteri ikikufa, utarudia na miguu," akamwambia. "Freni ikikufa, batakubeba bengine."

Yule bwana akakaa chini, breki zikatazamwa kwanza. Mimi nilikuwa pembeni na kopo la grisi, na toka siku ile sikutamani tena injini.

Kwa wasiojua, niseme kidogo breki ni kitu gani. Pikipiki nyingi mnazoendesha zina diski gurudumu la mbele, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Pande zake mbili kuna plaketi, vipande viwili vya breki vinavyoibana ukivuta mkono wa breki. Plaketi inajitoa mhanga. Kila ukisimama inaliwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu afadhali iliwe yenyewe kuliko diski, na afadhali diski kuliko goti lako. Nyuma mara nyingi ni ngoma ya chuma yenye vipande viwili vilivyopinda ndani yake, na ile ni hadithi nyingine, ingawa nayo inaliwa vilevile.

Sasa mchanga wetu huu wa Kamina hauna huruma. Kiangazi unaruka, masika unajipaka, na wakati wote unaingia katikati ya plaketi na diski na kusaga. Kwa hiyo msiniambie kwamba fulani wa Lubumbashi alitembea na plaketi zake mwaka mzima. Yeye anatembea kwenye lami. Wewe kila ukitoka kwenye matope osha gurudumu kwa maji, chuchumaa mbele yake, washa taa ya simu, chungulia. Plaketi ina mfereji katikati. Mfereji ukifutika, au kilichobaki kikiwa chembamba kama ukucha, imekwisha. Usingoje isage chuma kwa chuma ndipo uanze kumtafuta fundi, maana ikifika hapo unanunua na diski pia, na hapo ndipo utaanza kuniita Papa kwa unyenyekevu.

Nimeona watu wakifanya mambo. Kuna bwana mmoja wa kule Luena alikata soli ya kandambili za matairi, akaichonga vizuri sana, nakubali alikuwa na mkono, akaiweka nyuma mahali pa breki. Ilishika. Tatizo ni harufu. Alipoingia sokoni siku ya watu wengi, kina mama wa mihogo wakaanza kukagua majiko yao wakitafuta nani anaunguza nini, na mmoja akamwaga maji kwenye jiko la jirani yake lililokuwa halina kosa. Ugomvi uliotokea pale haukuwa na uhusiano wowote na pikipiki, na mwenye soli alikuwa ameshaondoka.

Kuna mwingine, huyu ni wa juzijuzi, alijifunza kwenye simu. Sisemi simu ni mbaya, mimi mwenyewe huangalia, na kuna Mhindi mmoja asiyeongea kabisa ambaye mikono yake naipenda. Lakini kijana huyu alifungua breki ya mbele, akatoa plaketi, kisha akataka kuona nini kitatokea akivuta mkono. Kilichotokea ni kwamba pistoni, kile kikombe kidogo kinachosukuma plaketi, kilitoka chote na mafuta ya breki yakamrukia suruali ya kanisani. Msivute mkono wa breki wakati plaketi ziko nje. Na mafuta yale yanakula rangi, kwa hiyo ukifungua kile kichupa chake juu ya usukani, zungushia kitambaa kwanza.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Kasongo, kwa sababu ndiye kijana aliyebadilisha plaketi mbele yangu nikatokwa na jasho kuliko yeye.

Kasongo alikuwa manseba, kama tunavyowaita hapa vijana wanaobeba abiria. Manseba kwa Kiluba ni mjomba, sijui nani alianza kuwaita hivyo, ila ukiwa na mzigo mzito jina linafaa. Alikuwa mrefu, mchangamfu, mwenye mikono ya haraka kupita kiasi. Alimpenda Numbi, binti aliyeuza mikate karibu na kanisa, naye Numbi alimpenda. Baba wa Numbi, mtu wa maneno machache, alisema mkewe akikubali na yeye amekubali. Basi kila kitu kilikuwa mikononi mwa mama.

Mama wa Numbi ndiye Mama Kabange, jirani yetu, rafiki wa mke wangu tangu wote wawili walipokuwa wasichana. Mtoto wake wa kwanza, Ilunga, alifariki kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Breki hazikushika. Siku ile ile asubuhi fundi, ambaye sitamtaja na hakuwa mimi, alimgonga begani akamwambia iko bien, iko sawa, endesha tu. Toka siku hiyo Mama Kabange hakupanda pikipiki tena. Alitembea kwa miguu hadi mashambani, akienda kuwatembelea ndugu zake kule Base, upande wa kambi ya jeshi, alitembea, na pikipiki ikipita karibu yake aliusogeza uso upande wa pili.

Ndugu za Kasongo walipokuja kujitambulisha, aliwapikia vizuri, akawapa maji ya kunawa, akasubiri wamalize kula. Ndipo akasema maneno ambayo mke wangu alinisimulia jioni ile kabla hata ya kuvua kitambaa cha kichwa:

"Minyi siko nakatala mutoto wenu. Niko nakatala pikipiki yake. Numbi atakuwa anakaa nyuma ya ule muntu kila siku. Minyi nilisha kuzika moya."

Kasongo aliacha kucheka kwa wiki nzima, na nyinyi hamkumjua, ila kwake hilo lilikuwa kama mtu mwingine kuacha kula. Hakuwa na kazi nyingine. Kuuza pikipiki ilikuwa kuuza chakula chake, na kubaki nayo ilikuwa kumpoteza Numbi. Alikuja hapa akakaa kwenye benchi hili hili. Nilimhurumia sana. Mke wangu ndiye aliyevaa viatu akaenda kwa rafiki yake.

Alirudi na masharti, na masharti yenyewe ni ya Mama Kabange tupu. Kasongo atakuja nyumbani kwao, abadilishe breki uani, kwa mikono yake mwenyewe. Si kwenye kibanda cha fundi ambako mtu anatazama juu huku mwingine akifanya kazi. Baadaye Mama Kabange atapanda ile pikipiki mpaka kwenye mteremko. Breki zikimridhisha, atatoa binti. Zisipomridhisha, watu wasirudi tena.

Hapo palikuwa na kikwazo, na ninyi wa siku hizi huenda mnacheka. Kwetu mkwe na mama wa mkewe hawakaribiani. Hali naye sahani moja, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja anapinda. Ni heshima, na huondolewa kwa utaratibu wake, kwa zawadi na siku yake, baada ya ndoa kukomaa. Sasa mtu huyo huyo utamweka vipi nyuma yako kwenye kiti kimoja, magoti yakigusana? Haiwezekani. Basi Mama Kabange alikuwa amefikiri na hilo.

"Anasema weye njo utamubeba," mke wangu akaniambia, yaani mimi ndiye nitakayembeba.

"Minyi?"

"Weye. Na wakati Kasongo anatumika kazi yake, utakaa pale, lakini usiseme kitu. Amesema, kama fundi anafungula kinywa, basi fundi njo aowe Numbi."

Mama Odile alicheka kwa hilo kuliko ilivyohitajika.

Hebu fikirini mlipo. Maisha yangu yote nimepanda pikipiki ambazo breki zake nimezigusa mwenyewe. Sasa nitashuka mteremko ule, na mama wa watu nyuma yangu, kwa breki zilizofungwa na kijana mwenye haraka, na sina ruhusa hata ya kusema ngoja. Nilikuwa na siku chache tu za kumfundisha. Alikuja kila jioni baada ya kazi, tukafungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka mke wangu akasema hata kuku wake sasa wanajua. Kila mara nilimwambia Kasongo neno moja: polepole. Kila mara aliitika eyo vidye, ndiyo bwana, kwa heshima zote za Kiluba, kisha anakimbiza mkono.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Mke wangu na mimi tulikuwa tumeshakaa uani kwa akina Numbi. Mama Kabange alikaa kwenye kiti kilichogeuzwa, mgongo kwa ua, uso kwa ukuta wa jiko, kitenge kipya kiunoni. Mke wangu alikaa ubavuni mwake akitazama upande wetu, kazi yake ikiwa kumweleza kila kinachoendelea. Numbi alikuwa ndani jikoni, na ingawa sufuria hazikugongana hata mara moja, sote tulijua anapika kwa masikio.

Kasongo akaingia akisukuma pikipiki.

Ilikuwa inang'aa. Tangi linang'aa, spoku moja moja zinang'aa, tairi nyeusi tii. Kwetu mtu haendi kwa wakwe na vumbi, hilo kila mtu analijua, na wenzake wa pale wanaposubiri abiria walikuwa wamejitolea toka asubuhi kuisafisha pikipiki ya bwana harusi. Walikuwa wameipaka vaselini, ile ya kujipaka mwilini, kila mahali kitambaa kilipofika. Na kitambaa kilikuwa kimefika kwenye diski.

Vijana, nisikilizeni hapa hata kama hamkusikiliza kwingine. Diski haipakwi kitu. Haipakwi vaselini, haipakwi mawese kwa sababu inapiga kelele, haipakwi mafuta ya mashine ili isishike kutu. Breki inafanya kazi kwa kukwaruzana. Ukiweka utelezi pale katikati, utavuta mkono na pikipiki itaendelea na safari yake kana kwamba hujasema chochote. Mimi nililiona hilo, mimi ndiye nitakayeipanda, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Nikakohoa.

"Mama Odile," Mama Kabange akasema kwa ukuta, "umuambie bwana yako, kukohoa pia ni kusema."

Nikaikalia mikono yangu.

Kasongo alianza vizuri, nampa haki yake. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Akazungushia kitambaa kile kichupa cha mafuta ya breki, akalegeza kifuniko. Akafungua boliti mbili zinazoshika etriye, ile taya ya chuma inayobeba plaketi, akaivuta ikatoka, lakini hakuiacha ining'inie kwa mpira wake. Aliifunga juu kwa kamba. Mzee Mwepu angetabasamu. Akachomoa pini, plaketi za zamani zikatoka, akaziweka juu ya gunia.

"Ametosha za zamani inje," mke wangu akaeleza. "Zimeisha. Upande moya zaidi."

"Ju ya nini upande moya?" Mama Kabange akauliza.

Swali zuri, na mimi nilikuwa na jibu zuri, nikaling'ata. Kasongo akalijibu mwenyewe, akimwambia mke wangu kama ilivyo desturi: pini ambayo etriye huteleza juu yake ilikuwa imekauka, ndiyo maana plaketi moja ilifanya kazi ya mbili. Akaisugua ile pini, akaipaka grisi kidogo sana, pale tu, kwa ncha ya kijiti. Akairudisha pistoni ndani kwa mpini wa mti, taratibu, jicho moja kwenye kile kichupa ili mafuta yasifurike. Mikono yake siku ile ilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kuiona. Nilianza kupumua.

Kisha akapasua pakiti ya plaketi mpya, akashika moja, na akasimama.

Nilijua ameona nini. Kwenye uso wa ile plaketi, uso wenyewe unaobana diski, palikuwa na alama ya kidole chake gumba, inang'aa. Akatazama kidole. Akatazama diski. Akanyoosha mkono akapitisha kidole juu yake, polepole, halafu akakisugua kidole na kingine, akasikia utelezi.

Sasa fikirini. Mama Kabange ameupa ua mgongo. Mke wangu hajui diski na sahani ya chakula. Mimi nimefungwa mdomo. Angeweza kufuta kwa suruali, akafunga, kisha akaomba Mungu. Vijana wengi wangefanya hivyo, kwa sababu pale mbele ya wakwe, baada ya kusafisha namna ile, kusema umekosea ni kujivua nguo. Nilimtazama nikiwa na hofu kweli, si ya mteremko tu, hofu ya kuona kijana ninayempenda akifanya kitu kidogo kibaya ambacho hakuna atakayekijua.

Kasongo akaweka plaketi chini, juu ya pakiti yake. Akasimama wima, akatazama pembeni.

"Mama Odile, umuambie mama: nilikosea. Pikipiki yote nimepakala vaselini ju ya kuya hapa kwenu. Hata ku diski. Na diski haipakalwe kitu. Kama ninafunga hivi, freni haitashika. Naomba maji ya moto na sabuni."

Mke wangu alikuwa amefungua mdomo kurudia maneno yote, kama kazi yake ilivyokuwa, lakini Mama Kabange akainua mkono.

"Nimesikia," akasema. "Umuulize. Kama asingesema, nani angejua?"

Kasongo akafikiri. "Papa Banza alijua. Lakini kinywa yake mulifunga."

Sikugeuka kumtazama mtu yeyote. Nilitazama miguu yangu.

"Numbi," Mama Kabange akaita. "Leta maji."

Numbi alitoka jikoni na beseni lenye mvuke, haraka ya mtu ambaye maji yake yalikuwa tayari. Kasongo akaosha diski kwa sabuni, akasuuza, akaosha tena, akafuta kwa kitambaa kisafi, kisha akaifuta na spiriti ya dawa mpaka kidole kilipopita juu yake kikakwama badala ya kuteleza. Akanawa mikono kama anayetaka kushika mtoto mchanga. Ile plaketi yenye alama aliilaza juu ya msasa, akaisugua uso wake mpaka ukawa mkavu na mweusi sawasawa, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, hakupuliza. Vumbi la breki halipulizwi, linaingia kifuani. Na jueni, alama ya kidole unaweza kuisugua, lakini plaketi iliyolowa mafuta ni ya kutupwa, usidanganywe na mtu atakayekwambia aichome ikauke.

Akafunga kila kitu. Akakaza boliti, akazirudia tena. Halafu akafanya jambo ambalo ndilo watu wengi husahau, akavuta mkono wa breki kabla gurudumu halijagusa njia. Mara ya kwanza unakwenda mpaka kwenye usukani, mtupu kabisa, kwa sababu pistoni bado iko nyuma. Unavuta tena, tena, mpaka unakuwa mgumu. Mtu anayesahau hilo huligundua kwenye njia panda. Alipomaliza akarudisha kifuniko cha mafuta, akaisukuma pikipiki, akabana, gurudumu likagoma.

Kisha akaiendesha peke yake pale mbele ya nyumba, akienda na kurudi, akisimama pole, akisimama pole, bila kulifunga gurudumu, ili plaketi mpya na diski zizoeane. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio. Kila aliposimama, watoto walisema eeeh.

Zamu yangu. Mama Kabange akaja, hakumtazama mtu, akakaa upande nyuma yangu na kitenge chake, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Tukaenda. Sikukimbia. Ukiwa na mtu nyuma, pikipiki ni nyingine kabisa, unaanza kusimama mapema, unakanyaga ya nyuma kidogo kisha unaongeza ya mbele kwa vidole viwili, na kwenye mchanga ya mbele unaibembeleza. Hayo yote nilikuwa nayafundisha watu tangu zamani. Siku ile niliyafanya kama mwanafunzi.

Tukaanza kushuka mteremko. Mchanga pembeni, katikati udongo mgumu. Nilisikia pumzi yake nyuma ya sikio langu. Tulipofika karibu nusu, pale njia inapoinama zaidi, akasema kwa sauti ndogo:

"Simama hapa."

Nikabana. Pikipiki ikainama mbele kidogo, ikasimama, moja kwa moja, bila kuyumba, bila kelele. Nikazima injini.

"Hapa njo Ilunga alianguka," akasema.

Nilijua. Kila mtu Kamina alijua, lakini hakuwahi kulisema mbele yangu. Akalia, akiwa bado amekaa, kichwa kimeinamia mgongo wangu. Na mimi nililia, nasema wazi, mzee na mvi zake, katikati ya njia, manseba wakitupita wakipunguza mwendo kwa heshima bila kujua ni ya nini.

Nyuma yetu tukasikia miguu. Kasongo alikuwa ametufuata mbio toka nyumbani, viatu vyake vizuri vimejaa vumbi. Alipoona tumesimama na kumuona mama analia, aliganda mbali, akageuza uso kando kama mkwe anavyopaswa. Nadhani alifikiri breki hazikumridhisha mama. Mikono yake ilining'inia tu.

Mama Kabange akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Papa Banza, shuka."

Nikashuka.

"Kasongo." Lilikuwa jina lake, lililotoka kinywani mwake moja kwa moja, bila kupitia kwa mke wangu wala kwa mtu yeyote. "Kuya hapa. Unirudishe ku nyumba."

Kijana akanitazama mimi, akatazama chini, hakujua aweke wapi macho.

"Mama," akasema taratibu, "minyi niko mukwe. Siwezi kukubeba."

"Mukwe hanibebake," Mama Kabange akajibu. "Mutoto wangu njo alikuwa ananibeba. Panda."

Zawadi ya kuondoa ile heshima ilikuwa haijaletwa, siku yake haijapangwa, hata ndoa yenyewe ilikuwa bado. Kasongo akapanda, akavuta mkono wa breki mara moja kuhakikisha, akawasha. Mama Kabange akaachia kile chuma cha nyuma, akamwekea mkono begani.

Wakageuza, wakaenda juu. Mimi nikabaki kwenye mteremko na viatu vyangu vya kwenda ukweni, nikaanza kupanda kwa miguu, pumzi fupi, jua kichwani. Huko juu, karibu na kona, mtoto mdogo alikuwa anavusha bata wake. Taa nyekundu ya nyuma ikawaka, pikipiki ikasimama, bata wakapita wote mpaka wa mwisho, na mkono wa Mama Kabange ulikuwa bado begani mwa Kasongo.